Nije au Nisije

Chuo cha Matayarisho
Bweni la familia, chumba namba 6
3 Februari

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia barua kama tulivyokubaliana, maana kwenye simu mimi na wewe tunakatana maneno mpaka salio linakwisha hatujasalimiana, na Baba simu haisikii hata ukipiga kelele majirani wakatoka nje.

Tuna wiki ya tatu hapa. Tupo familia tisa, kila moja na chumba chake chenye vitanda viwili vya juu na chini, meza moja, na dirisha linalotazama jikoni, kwa hiyo mdogo wetu Bonge haamki kwa kuamshwa, anaamka kwa harufu. Asubuhi tunafundishwa lugha ya huko tunakokwenda. Mchana wifi yako anakwenda darasa la wakunga, na sisi mafundi tunakalishwa mbele ya bwana mmoja ambaye hajawahi kufungua hata koki, anatufundisha uvumilivu. Kwa kweli anahitaji tumvumilie.

Kazi yenyewe imeshaeleweka. Kanisa lina kituo cha afya huko, wanawake wanajifungulia hapo, na maji yanabebwa kwa ndoo kutoka kisimani. Mimi nitavuta bomba mpaka wodini, wifi yako atafundisha wakunga. Mshahara hakuna, ni nyumba na chakula basi. Tumeruhusiwa masanduku manne. Mke wangu ameyapanga na kuyapangua mpaka binti yetu Kasuku ameuliza kama hiyo nayo ni sehemu ya mafunzo.

Sasa nifike pale ninapopazungukazunguka. Tangu siku ile Baba alipoanguka, hatujasemezana. Najua nilichomwambia. Mtu mkewe anakufa, amemwita mchungaji, akamsubiri siku tatu, mchungaji akaja kwenye mazishi, na tangu hapo kanisani hakanyagi; halafu mwanawe mwenyewe anasimama sebuleni kumwambia, "Mimi siwezi kununa miaka kumi na moja kama wewe." Aliinuka kunijibu, akaangukia ukingo wa meza ya cherehani. Sikumgusa, lakini ile alama ya kwenye kipaji cha uso ni yangu.

Tutapewa wiki moja ya kuaga, tarehe 8 hadi 14 Aprili. Nyumbani ni siku nzima ya basi, si mbali. Lakini siwezi kuingia mlango ule bila neno lake. Muulize: nije au nisije? Atakalosema, niandikie.

Kasuku anauliza babu yake: sanduku la nne liwekwe nini?

Mdogo wako


Nyumbani
15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya kazi. Mashine moja ya kufulia pale hospitali imekufa tangu mwezi uliopita, mashuka ya wodi nne tunayafua kwa mashine moja na mikono yetu. Nikifika nyumbani vidole havishiki kalamu.

Barua yako nilimsomea Baba baada ya chakula cha mchana, mdomo karibu na sikio la kulia, ndilo bado linafanya kazi. Alikuwa amefungua tumbo la cherehani ya mwalimu mmoja, mafuta mpaka viwikoni, na mikono yake siku hizi inatetemeka hata bisibisi inacheza ngoma. Hakuniangalia. Nilipomaliza akauliza, "Kochi lao wamemwachia nani?"

Nikamwambia hukuandika.

"Basi barua haijakamilika," akasema, akaendelea na kazi yake.

Suala la kuja hakuligusa. Mpe muda. Yule ukimsukuma anarudi nyuma.

Kasuku ndiye aliyejibiwa. Haya nimeandika neno kwa neno, alinisimamia mgongoni ingawa kusoma haoni: "Mwambie huyo msichana viatu. Kila mtu pea mbili, baba yake tatu, maana anatembea kama anayeua nyoka. Na sindano na nyuzi. Watu wakiwa na mabomba mabovu hata nguo zao zimechanika. Na asimwachie mama yake kupanga, atajaza vitabu, kisha watatembea pekupeku wakisoma."

Wasalimie wote. Wifi mwambie nimepata ile blanketi ya Bonge, aliisahau nyuma ya mlango.

Dada yako


Chuo cha Matayarisho
10 Machi

Dada,

Shikamoo. Mambo ya sindano yameleta vita. Kasuku ametoa vitabu viwili vya mama yake sandukuni na kuweka viatu, akasema ni amri ya babu. Wifi yako kanuna kutwa nzima, jioni kaja kucheka mwenyewe. Kochi mwambie Baba tumempa yule mjane wa ghorofa ya chini, kabati amechukua fundi mwenzangu, na kitanda tumemwachia anayehamia. Nyumba sasa ina mwangwi. Jumamosi nilikwenda kukabidhi funguo, nikakohoa, nikajibiwa na kuta.

Lugha nayo inapanda. Mimi naweza kusema "bomba limeziba" na "nani mwenye ufunguo". Kasuku anaweza kugombana.

Tumetia saini. Miaka mitatu. Nilipoiona ile namba kwenye karatasi mkono ulisita kidogo, lakini wifi yako alikuwa ameshatia yake.

Dada, wanataka majina ya tunakokwenda wiki ya kuaga kabla ya tarehe 25, wapate kupanga usafiri. Wazazi wa mke wangu wametuita. Nimewaambia wasubiri. Nakuomba umuulize Baba tena, na usikubali aongelee kochi. Akisema nije, nitakuja hata kwa miguu, na hizo pea tatu. Akisema nisije, nitaelewa. Ninachoshindwa ni kukaa katikati.

Mdogo wako


Nyumbani
18 Machi

Mdogo wangu,

Nimezungumza na Baba. Anasema msijisumbue na safari ndefu ya basi mkiwa na mtoto mdogo. Anawatakia kila la heri na anawapa baraka zake zote katika kazi ya Bwana. Anasema moyo wake ni mweupe kwenu na hana kinyongo. Mwende kwa amani.

Mimi pia naona ni vizuri hivyo. Presha yake imetulia, na daktari alishasema asishtuliwe. Nendeni kwa wakwe, nao ni wazazi.

Blanketi nitaituma kwa posta.

Dada yako


Chuo cha Matayarisho
26 Aprili

Dada,

Shikamoo. Keshokutwa asubuhi tunaondoka. Masanduku yamefungwa na kamba juu, kwa kuwa zipu za mawili zimegoma. Blanketi ilifika, Bonge ameivuta sakafuni siku nzima.

Wiki ya kuaga ilipita salama kwa wakwe. Niliwatengenezea mifereji ya paa. Kasuku alilia siku ya pili baada ya kurudi, akisema kila mtoto hapa ameagwa na babu zake wote na yeye ameagwa na mmoja. Nikamwambia babu ametuma baraka. Akauliza, baraka inafananaje. Nikamtuma dukani.

Hapa chini nimemwandikia Baba. Msomee, sikio la kulia.

Baba,

Shikamoo. Nimepata maneno yako kupitia Dada. Sikutegemea, na sikustahili, baada ya nilichokuambia siku ile. Nakushukuru kwa baraka zako na kwa moyo wako mweupe. Nitafanya kazi nzuri huko, usiaibike. Nikirudi nitakuja moja kwa moja kwako kabla sijafungua sanduku.

Mwanao


Nyumbani
9 Septemba

Mdogo wangu,

Tulipozungumza kwenye simu siku ile nilikwambia habari ya msiba tu, na wewe ulilia, na mimi nikasema tutaandikiana. Sasa siku ya kumi na tatu tangu tumzike, watu wameshaondoka, viti vya kuazima vimerudishwa. Nimekaa sebuleni, sina tena sababu ya kuchelewa.

Alizidiwa Jumapili, moyo. Nilimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Alikufa Jumatano alasiri, wodi namba tatu, juu ya shuka nililolifua mwenyewe. Hakuteseka sana. Mchungaji wa sasa, huyu kijana, nilimpigia Jumanne akaja Jumanne. Kaburini alihubiri dakika tano. Baba angemkubali.

Nina jambo la kukuambia. Maneno niliyokuandikia mwezi wa tatu hayakuwa ya Baba. Niliyatunga.

Nilimsomea barua yako Jumapili ile. Hakuongelea kochi. Aliweka bisibisi chini, akasema, "Mwambie aje. Nina neno naye." Nikamuuliza, neno gani. Akasema, "Si lako."

Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Niliona unaingia, yeye anasema neno lake, wewe unajibu lako, naye anaanguka tena. Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kuisema mbele ya watu. Ipo nyingine. Nilichoka. Mngekuja wanne, ningepika, ningefua, ningesimama katikati yenu kama ukuta, halafu mngepanda ndege, na mimi ningebaki na mzee mwenye hasira mpya. Tangu Mama afariki ni mimi. Wewe ulikuwa unaaga watu ili uende, na kila anayekuaga anakusifu. Mimi hakuna aliyewahi kuniaga kwenda kazini chumba cha mashuka. Nilitaka angalau unyamaze mjini kwenu, nami ninyamaze hapa.

Yeye nilimwambia utajaribu kuja.

Basi tarehe 8 alinyoa ndevu. Akavaa shati jeupe, akakaa chumba cha mbele mlango wazi, bila kushika cherehani hata moja. Siku iliyofuata hivyohivyo. Wateja wakija anawaambia rudini wiki ijayo, nina wageni. Siku saba. Tarehe 14 jioni akaniuliza, "Basi la mwisho limeshaingia?" Nikamwambia limeingia. Akavua shati, akalitundika mwenyewe, akanawa, akala.

Barua yako ya kumshukuru ilipofika sikuweza kumsomea. Mtu atashukuriwaje kwa asichosema? Nilishika karatasi yako mbele ya macho nikasoma barua nyingine kichwani mwangu. Nikasema mlinyimwa ruhusa, siku zilipunguzwa, mnaomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwandiko wake umekuwa mdogo, yote yameenea ukurasa mmoja," kwa sababu nilikuwa sijageuza karatasi.

Sijui kama alijua. Nimejiuliza sana.

Sikuombi unisamehe. Nimekuambia kwa sababu nilikuwa naanza kuyaamini yale niliyoyaandika.

Dada yako


Kituo cha afya
4 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma nyuma ya tangi la maji, nikairudia, nikaenda kukaza nati ambazo zilikuwa zimeshakazwa.

Nilijua.

Si leo. Nilijua tarehe 21 Machi, nilipofungua bahasha. Baba hajawahi kusema "kazi ya Bwana" bila kukohoa. Baba hajamtakia mtu kila la heri tangu nizaliwe, siku yangu ya harusi aliniambia, "Haya, usimnyime usingizi mtoto wa watu kwa kukoroma." Na mwezi uliotangulia nilikuwa nimemsikia mwenyewe kwenye yale majibu ya Kasuku, viatu na nyoka. Sauti yake ilikuwa bado masikioni. Nilipomsomea wifi yako barua yako, alinitazama akasema, "Huyu ni wifi, si mzee." Nikamwambia barua ni barua.

Ningeweza kumpigia jirani. Ningeweza kupanda basi tu. Nilikuwa na wiki nzima, Dada, nikaitumia kwenye mifereji ya mkwe. Siku ya nne asubuhi nilivaa viatu niende stendi. Mke wangu aliniona, akaniwekea mkate kwenye mfuko. Nikafika getini. Nikarudi nikamwambia nimeacha ngazi ukutani, watoto watapanda.

Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Wewe ulinifungulia mlango wa nyuma, lakini miguu iliyotoka ilikuwa yangu. Nilifurahi ulipouandika ule uongo. Niliuogopa uso wake kuliko nilivyotaka kumwona.

Na hiyo barua ya kumshukuru, niliiandika nikijua. Nilitaka iwe kweli kwa kuiandika, kama wewe.

Hapa kila Jumapili kuna mtu anasimama kanisani kutushukuru. Wanasema huyu ndugu ameacha nyumbani, ameacha baba, kwa ajili yetu. Watu wananishika mkono. Maji yalifika wodini tarehe 11 Agosti. Wanawake walifungua koki wakafunga, wakafungua wakafunga, kama watoto. Mmoja alinibariki kwa lugha yao, na mimi nilielewa kila neno, na nilitamani nisielewe. Baba alikuwa amebakiza wiki mbili tu, na mimi nilikuwa naandika kichwani jinsi nitakavyomsimulia.

Nina ombi moja. Wewe ulikaa naye siku zote hizo. Niandikie alichosema kuhusu mimi, chote, kuanzia barua ya kwanza. Kama ni matusi niandikie matusi. Usikifue, usikinyooshe pasi.

Mdogo wako


Nyumbani
30 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeanza barua hii mara nne. Nimeona niandike yanavyokuja, bila kuyapanga.

Siku ya barua yako ya kwanza, baada ya kunijibu habari ya kochi, jioni wakati anakula alisema: "Amejifunza kuandika huyu. Zamani alikuwa na mistari miwili, mmoja wa kuomba kitu."

Siku nyingine, hata sikuwa nimekutaja: "Yule mtoto alisema kweli. Kununa nimenuna. Lakini mtu humwambii ukweli wake mbele ya cherehani za wateja."

Kuhusu kanisa nilimuuliza mimi, nikafikiri atafoka. Akasema, "Ugomvi wangu si na Mungu. Ni na ratiba yake." Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Kuhusu mkeo: "Yule ana akili. Akimsikiliza atarudi mzima." Halafu, "Lakini vitabu, hapana."

Jirani alipomwambia una bahati, mwanao anakwenda ng'ambo, alijibu, "Bahati ya mwenye mwana ni kumwona." Jirani akaona haya. Mimi nilikuwa naanika nguo, nikajifanya sijasikia.

Wiki ile ya shati jeupe alisema machache. Siku ya pili: "Usipike kwanza, chakula kitapoa." Siku ya tano: "Labda mtoto anaumwa." Niliona wazi hiyo ndiyo sababu aliyoichagua ili asikukasirikie. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Nikaenda kuteka maji na ndoo zilikuwa zimejaa.

Mwisho wa mwezi wa tano nilimuuliza lile neno alilotaka kukuambia lilikuwa nini. Nilifikiri sasa si kitu tena. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, kakosa mara nyingi, nikataka kumsaidia akanizuia. Akasema, "Nilitaka kumwambia hivi. Huko anakokwenda, akiitwa na mgonjwa, aende siku hiyohiyo. Bomba litasubiri." Nikamwambia nitakuandikia. Akasema, "Hapana. La kumwandikia si hilo. Hilo ni la kumwambia."

Ndiyo maana sikukuandikia. Sasa nimekuandikia.

Liko jingine, nalo hata kwenye barua ya mwezi uliopita nililificha. Ulipokuwa umeshaondoka, siku kama ya nne, aliniita chumba cha mbele. Akaniuliza, "Wamekwenda kwa miaka mingapi?"

Nilikuwa na barua yako inayosema miaka mitatu, mstari niliouruka nilipomsomea, kwenye mfuko wa aproni. Nilimtazama, miguu imevimba, mkono unatetemeka juu ya goti. Nikamwambia, mmoja.

Akahesabu kwa vidole, mwezi kwa mwezi, polepole, mpaka akafika Aprili nyingine. Akasema, "Mwaka mmoja nauweza."

Tangu siku hiyo alimeza dawa zake bila kusukumwa. Wewe unajua nilivyokuwa nazikuta nyuma ya mito ya kochi. Akawa ananiuliza asubuhi, imebaki mingapi. Akaanza kutembea mpaka duka la kona na kurudi, akisema daktari kasema, na daktari hakusema. Nilimsikia akimwambia mwalimu mwenye cherehani, "Aprili nina wageni, cherehani yako uilete kabla."

Mdogo wangu, alijitahidi. Alifika mwezi wa nne kati ya ile kumi na miwili.

Dada yako